Pale Santuri ya Neville Iliporuka

Siku yangu ya kwanza katika duka la santuri za mitumba pale Parramatta, hapa Sydney, niliosha sanduku zima la santuri kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kisha nikazianika juani nyuma ya duka. Ilikuwa Januari, na nyinyi mnalijua jua la Januari la hapa. Niliporudi baada ya chai zilikuwa zimejikunja kama chapati zilizosahauliwa kikaangoni. Mwenye duka, mzee wa Kigiriki tuliyemwita Mister Kosta, aliokota moja, akaigeuza upande huu na upande ule, akaivaa kichwani. Aliwahudumia wateja na kofia hiyo mpaka saa ya kufunga. Kila aliyeuliza aliambiwa, "Ni ubunifu wa dada mpya." Hakunifukuza, ingawa siku hiyo nilitamani anifukuze nikajifiche.

Mimi ni Mama Wakesho, mtoto wa Voi. Nawaandikia nyinyi vijana wetu wa Merrylands na Auburn, hasa nyinyi mnaofanya kazi ya kutunza wazee, ambao Jumapili nawaona kanisani mmesinzia mahubiri yakiendelea. Nimestaafu sasa. Miaka yangu mingi ya Sydney niliimaliza nikiuza zile sahani nyeusi za muziki ambazo mmoja wenu aliniuliza kama zilikuwa kazi kweli au mchezo. Ilikuwa kazi, mwanangu, na imenilelea watoto watatu ambao nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya Divine. Wengi wenu mnamjua, yule binti wa Bukavu anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya. Mwaka huu alinijia baada ya ibada, macho mekundu, akaniketisha kwenye benchi la nje.

"Mama, kuko muzee moja ku kazi yangu," alisema. "Anakataa kukula. Docteur amesema tusimulazimishe. Kila siku anaomba wimbo moja tu, ya koti. Niliitafuta ku telefone, nikamuwekea. Akaniambia, 'Not that one, love.' Nikaweka ingine. Not that one. Mama, ule muzee atakufa mbele yangu, na mimi niko na telefone ku mukono."

Hakunitajia jina, na alifanya vizuri, kazi yenu ina siri zake. Lakini aliposema wimbo wa koti, nikamuuliza kama mzee huyo hugonga meza kwa kidole cha kati akiwa na hasira. Divine akanitazama kama anayemtazama mchawi. Basi nikajua ni Des.

Niwapeleke kwanza dukani, ndipo mtaelewa.

Kila Jumamosi asubuhi walikuwa wakija wapenzi wa rock and roll ya mwanzo, ile ya wakati muziki huo ulipokuwa bado unatafuta jina. Wazee tupu, wenye viatu vilivyopigwa rangi. Hawakuja kununua sana. Walikuja kubishana, na mabishano yao yalikuwa yaleyale: wimbo ni wa nani, aliyeuimba kwanza au aliyeufanya ujulikane? Kule kwetu pwani bendi za hoteli zilipokuwa zikipiga nyimbo za wengine tulisema wanapiga kopi, tukacheza, tukaenda kulala. Wale wazee wa Parramatta walikuwa tayari kununiana mwezi mzima kwa sababu ya kopi.

Wakuu wa mabishano walikuwa wawili. Des alikuwa ameendesha kreni bandarini Port Botany, mtu mkubwa, sauti kama ya kuita meli. Neville alikuwa fundi wa saa, mwembamba, mpole, na mkaidi kupindukia. Walikuwa marafiki tangu ujana wao. Walichokuwa wanakigombania ni wimbo mmoja wa mwanamke anayemwambia mwanamume aliyemkimbia kwamba koti lake limebaki, aje alichukue mwenyewe, hatamtumia.

Aliyeuimba kwanza alikuwa mama mmoja mweusi wa kusini mwa Marekani. Aliuimba polepole, piano imelegea nyuzi, na ukisikiliza vizuri unamsikia anavuta pumzi kabla ya neno koti. Redio kubwa hazikuupiga wimbo wake. Baadaye akaja kijana wa Kizungu mwenye nywele za mafuta, akauchukua, akaukimbiza, akaweka wasichana nyuma wanaitikia "koti, koti!" Huo ndio uliovuka bahari ukafika Sydney.

"Huyo ni mwizi," Des alikuwa akisema, kidole kinagonga meza yangu. "Yule mama ameimba maisha yake, huyu ameimba karatasi."

"Nilimsikia kwenye redio ya jikoni kwa mama yangu," Neville alijibu taratibu. "Ndiye aliyenifikia. Na wewe pia, Des, ulimsikia yeye kwanza. Ungemjuaje huyo mama bila huyu kijana?"

"Sasa nimshukuru mwizi kwa kunionyesha nyumba aliyoiba?"

"Sikusema umshukuru. Nimeuliza ungemjuaje."

Hapo Des alipandisha sauti. Neno lake la mwisho lilikuwa moja, "Rubbish!", yaani upuuzi, kisha akaenda kununua pai ya nyama, na akamletea Neville yake bila kuulizwa.

Mimi nilikuwa upande wa Des, sikuficha. Mwanamke mweusi mwenzangu ameporwa sauti yake, nitakaaje katikati? Lakini siku ya kwanza niliyousikia ubishi huo nilijiaibisha. Nilikuwa nimeujua wimbo huo tangu utotoni, kwa Kiswahili. Bendi moja ya hoteli Mombasa ilikuwa ikiupiga, na mjomba wangu aliyefanya kazi kwenye treni alikuwa akituimbia Voi akija likizo, "Koti lako bado lipo, njoo mwenyewe." Basi nikasimama katikati ya duka, mikono kiunoni, nikawaambia wale wazee kwamba wote wawili wamekosea, wimbo huo ni wa Mombasa na Wamarekani wametuibia. Niliwaimbia hadi ubeti wa mwisho kwa ushahidi.

Kisha Mister Kosta akatoa santuri ya yule mama, iliyotengenezwa kabla mjomba wangu hajaanza shule, akaniwekea. Nilisikia ile pumzi kabla ya neno koti. Nikatamani sakafu inimeze. Neville ndiye aliyeniletea chai. Akaniambia, "Sasa tuko watatu, na kila mmoja ana mwenye wimbo wake. Kaa." Tangu siku hiyo walinihesabu miongoni mwao, na Des kila akitaka kunichokoza aliniuliza habari za Mombasa.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi, huenda yakawafaa. Santuri ishikwe ukingoni, kidole kisiguse penye muziki. Ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yale ya kutia kwenye betri ya gari, na kitambaa laini kinachofuata mduara, kisikate katikati. Isimamishwe, isilazwe. Ikiwa inaruka, msikimbilie kusema imekwaruzika. Mara nyingi ni chembe ya uchafu iliyoganda ndani ya mstari, na mtu mwenye kioo cha kukuzia, kijiti cha meno na subira anaweza kuitoa. Mimi nilikuwa bingwa wa chembe hizo. Watu walikuja kutoka mbali na santuri zinazoruka, wakaondoka nazo zimenyooka.

Santuri ya Neville ya wimbo wa koti ilikuwa inaruka. Ilikuwa ile ile aliyoinunua ujanani, jina lake limeandikwa kwa wino kwenye karatasi ya katikati. Ikifika ubeti wa pili, kijana wa watu anaanza kusema koti, sindano inaruka, tunajikuta kwenye piano. Na kila Jumamosi, bila kukosa, Des alikuwa akinyoosha mikono na kutangaza, "Hata sindano imemkataa!" Duka zima linacheka, kicheko kilekile cha wiki iliyopita.

Siku moja nilimvuta Neville pembeni, nikamwambia, "Nipe hiyo santuri, nitaitoa hiyo chembe mara moja, bure kabisa." Alinitazama kama nimemwomba jino. "Ukiitoa," akasema, "Des atasema nini?" Nilidhani ni utani wa kizee. Moyoni nilimwona mtu asiyejua thamani ya kitu chake.

Jambo jingine la kazi, na hili alinifundisha Mister Kosta. Mteja akija anatafuta wimbo asioujua jina, usimuulize jina. Usimuulize hata mwimbaji. Alikuja mama mmoja Mlebanoni wa Merrylands, anachokumbuka ni mlio tu, la la la. Nilimpekulia masanduku ya Kiingereza asubuhi nzima, jasho linanitoka. Kosta akaja, akamvutia kiti, akamuuliza swali moja, "Ulipokuwa ukiusikia, ulikuwa na nani?" Mama akatabasamu. "Na jirani yangu," akasema, "Mwitaliano, tulikuwa tukikaanga biringanya pamoja, amefariki sasa." Kosta akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la Kiitaliano. Yule mama alipousikia alilia, na sisi tukageukia ukutani kumwachia nafasi.

"Watu hawatafuti wimbo," Kosta aliniambia baadaye. "Wanamtafuta mtu, wimbo ni mahali tu walipomwacha."

Nilikuwa nikiwarudia wenzangu maneno hayo kila mara. Angalieni sasa jinsi mtu anavyoweza kujua jambo na bado lisimfae.

Duka lilifungwa Kosta alipozeeka. Neville alifariki majira ya baridi ya mwaka jana, nilikuwepo kwenye mazishi. Des aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Kisha sikujua alikopelekwa, mpaka Divine aliponikalisha kwenye benchi lile.

Tulipopata ruhusa ya msimamizi wa Divine, nilipanda treni kwenda kwenye makao ya wazee anakofanya kazi, Auburn, nikiwa nimebeba mashine yangu ndogo ya santuri na ile santuri ya yule mama. Nilijiona daktari. Simu ya Divine, nilimweleza njiani kutoka stesheni, huleta kwanza ile rekodi ambayo yule kijana aliirudia akiwa mzee, gita jipya na sauti ya kukoroma, wazee huitambua tofauti hiyo mara moja. Na hilo muwe nalo makini nyote, mkiwawekea wazee nyimbo kwenye simu. Lakini mimi, nikamwambia, namjua Des. Des ni mtu wa wimbo wa kwanza. Namletea wimbo wenyewe.

Nilimkuta karibu na dirisha, amebaki mifupa. Mikono ile iliyokuwa ikiinua makontena ilikuwa imelala kwenye blanketi. Alinitambua, akaniuliza, "Mombasa hawajambo?" Ilibidi nijifanye natafuta soketi ya umeme ili nifute macho.

Nikaweka santuri. Yule mama akavuta pumzi, akaimba koti. Des alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama mtu aliye kanisani. Kisha akanishika mkono. "Mzuri, love," akasema. "Lakini si huu." Akageukia dirisha, na sahani ya viazi vilivyopondwa ikaendelea kupoa mbele yake.

Nikataka kuketi, nikakivuta kiti kilichokuwa upande wa pili wa meza yake. Divine akanidaka mkono.

"Hapana, Mama, hiyo kiti hataki mutu aikalie. Hata mimi alinikatalia. Wanasema ilikuwa ya rafiki yake, alikuwa anakuja Samedi yote na treni. Mimi sikumukuta."

Nilisimama pale na mkono wangu juu ya kile kiti. Jumamosi zote. Kumbe duka lilipofungwa walikuwa wameuhamishia ubishi wao Auburn, na mimi sikujua. Na swali la Kosta, swali nililojivunia miaka yote, sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Nilikuwa nimemletea Des wimbo alioutetea. Hakuna aliyekuwa amemletea wimbo aliokuwa akibishana nao.

Jioni hiyo nilimpigia simu Joyce, mjane wa Neville. Ile santuri ya Neville alikuwa bado nayo. Alikuja nayo mwenyewe hadi stesheni ya Merrylands, imefungwa ndani ya taulo, akanikabidhi kwa mikono miwili, akaniambia hana nguvu za kwenda, lakini nimsalimie Des na nimwambie ajiheshimu.

Nyumbani niliitoa chini ya taa. Ilikuwa chafu! Vumbi la miaka, alama za vidole, na pale kwenye ubeti wa pili, chini ya kioo changu, ile chembe, naiona waziwazi, ndogo kuliko punje ya mchele. Mkono wangu ulikwenda kwenye kijiti cha meno wenyewe. Vijana, kazi ikishakuingia mwilini haikuombi ruhusa. Maji nilikuwa nimeshayamimina bakulini na kitambaa nimekilowesha. Nikamsikia Neville, "Ukiitoa, Des atasema nini?" Miaka yote ile nikimwona hajui thamani ya kitu chake. Niliyamwaga maji kwenye chungu cha maua, nikaifunga santuri ndani ya taulo la Joyce na vumbi lake lote. Nililia kidogo, sitawaficha. Nilimkumbuka Neville na chai yake.

Jumamosi ile nilikutana na Divine stesheni akienda shifti. Tulipokuwa tunatembea nilimfundisha neno moja, nikamwambia atajua lini alitumie. Alilirudia mara nyingi njiani, anacheka, watu wa Auburn na mifuko yao ya mboga wanatupisha.

Des hakugeuka tulipoingia. Niliweka mashine mezani, nikaishusha sindano. Ule mkwaruzo wa mwanzo ulipotoka, kabla hata gita halijaanza, bega lake liliinuka. Kisha yule kijana wa nywele za mafuta akaanza mbio zake, na wasichana wakaitikia "koti, koti!"

Des aligeuka. Aliitazama mashine, akaitazama ile karatasi ya katikati ikizunguka na jina la Neville. Nilianza kuogopa, nikafikiri nimemuumiza mzee wa watu. Ubeti wa kwanza ukaisha. Kidole cha kati kikaanza kugonga meza. Ubeti wa pili ukaingia, kijana akafungua kinywa aseme koti, sindano ikaruka.

"Hata sindano imemkataa!" Des alipaza sauti, ile ya bandarini, hadi muuguzi mmoja akachungulia mlangoni.

Akacheka. Halafu, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, akageukia kile kiti kungoja jibu. Kiti kilikuwa kitupu. Niliona kicheko kikianza kumtoka usoni. Nilimtazama Divine.

Alikuwa amesimama na bakuli la supu mkononi. Akakohoa kidogo. "Lakini, Des," akasema, kwa Kiingereza chake chenye Kifaransa ndani, "ungemjuaje huyo mama bila huyu kijana?"

Des alimtazama kuanzia viatu vya kazi mpaka nywele. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Rubbish," akasema taratibu. Kisha akakisukuma kile kiti kwa mguu kutoka chini ya meza. "Kaa hapo, love, nikueleze unapokosea. Na hiyo supu ilete hapa, itapoa."